Taifodi Haina Mwenyewe

Mtu akiniambia leo kwamba amepimwa akakutwa na taifodi, humwuliza swali moja tu: damu yako ilioteshwa, au ilitikiswa kwenye kigae? Wengi hunikodolea macho kana kwamba nimewatukana. Sijali. Nina haki ya kukikasirikia kipimo kile. Nilikifanya kwa mikono yangu hii miaka minne, Bariadi mjini, na mtu wa mwisho niliyempima nikiwa nakiamini alikuwa mama yangu mzazi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa na soko huria. Mkoa wetu ulikuwa bado Shinyanga. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wa pamba wanapishana na mizani zao, na kila mwenye cheti chochote cha uganga alikuwa ametundika kibao barabarani. Bosi wangu alikuwa mganga msaidizi aliyestaafu serikalini. Watu walimwita daktari, naye hakuwahi kuwasahihisha. Alipanga ghala la zamani la chama cha msingi, akaligawa vyumba vitatu kwa plaiwudi, akafungua zahanati. Chumba cha nyuma kilikuwa maabara, na maabara ilikuwa mimi, hadubini moja, friji ya mafuta ya taa na kigae cheupe chenye vishimo. Mvua ikinyesha, harufu ya mbegu za pamba ilitoka kwenye sakafu ikatujaa puani.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Unatoa damu, unaiacha igande, unachukua yale maji ya juu. Unaweka tone lake kwenye kigae, unaongeza tone la dawa ya chupa, unatikisa polepole kwa dakika moja. Ikishikana vipunje kama maziwa yaliyokatika, unaandika kwamba anayo. Isiposhikana, hana. Kinachoshikana pale si mdudu wa taifodi. Ni kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulitengeneza kupigana naye, au kupigana na binamu yake, mwaka huu au miaka mitano iliyopita. Mtu aliyekulia kwetu, akanywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe wa kijiji kizima, silaha hizo anazo mpaka uzeeni. Ukiona mavi ya ng'ombe njiani unajua ng'ombe aliwahi kupita. Hujui kama yupo sasa hivi, wala hujui ni wa nani.

Haya yote nilifundishwa chuoni. Mwalimu alisema wazi kwamba kipimo kimoja cha kigae hakitoshi, na kwamba anayetaka kujua ni mdudu gani yumo damuni aioteshe damu, asubiri siku mbili tatu aone kitakachoota. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Kisha nikaajiriwa, na bosi akanipa amri yake ya siku ya kwanza: kila mwenye homa, pima malaria na taifodi, usiniulize. Nami sikumwuliza. Watu wenyewe walikipenda kipimo. Mtu alitoka Kiloleli kwa basi, hakutaka kuambiwa arudi nyumbani akapumzike. Alitaka karatasi yenye tarakimu. Moja kwa mia na sitini, yaani maji ya damu yamezimuliwa mara mia na sitini na bado yanashikana! Hiyo ilikuwa na uzito. Aliikunja, akaenda nayo kijijini, na mwezi uliofuata akamleta shemeji yake.

Mama yangu alikuwa Dar es Salaam wakati huo. Figo zilikuwa zimekufa, na kaka yangu, aliyekuwa na kazi nzuri huko, alimchukua ili asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Alikuwa na mrija umeingizwa kifuani, chini kidogo ya bega, umefunikwa kwa bandeji nyeupe. Akiufunika kwa kanga huwezi kujua. Aliuita "kamba yangu". Alisema amefungwa kama ndama, ila walau mwenye kumfunga anamnywesha.

Dada yake mkubwa alipofariki kule Sola, mama alisema anakuja kuzika. Kaka alikataa. Mama akamwambia kwamba aliyezaliwa naye tumbo moja hazikwi kwa simu, na mjadala ukaishia hapo. Walipanga vizuri: Jumatano asafishwe damu, Alhamisi apande ndege mpaka Mwanza nikampokee, Ijumaa mazishi, Jumapili aondoke, Jumatatu awe kwenye mashine. Alikuja na kadi kutoka kwa muuguzi wa mashine, imepigwa chapa kwa Kiswahili safi. Mgonjwa huyu ana mrija. Akipata homa au akitetemeka, asianze dawa kabla damu haijatolewa ya kuoteshwa. Pigeni simu mara moja. Chini kulikuwa na namba.

Niliisoma kadi ile nikairudisha kwenye pochi yake. Bariadi nzima hapakuwa na pa kuotesha damu. Nilijiambia tukifika huko tutajua, maneno ya mtu anayeomba asifike.

Tulizika Ijumaa, tukarudi Bariadi jioni, mama akalala chumbani kwangu. Jumamosi asubuhi alikunywa uji nusu kikombe, akaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa mtu aliyesikia ubaridi. Kitanda kizima kilikuwa kinagonga ukuta. Nilimrundikia mablanketi mawili na koti langu, na bado meno yalikuwa yanagongana. Baada ya nusu saa baridi ikaisha, ukaja moto.

Nilimtoa damu mwenyewe, nikakimbilia kazini. Malaria: hakuna. Taifodi: ilishikana mapema hata dakika haijatimia. Nikaongeza maji, ikashikana tena. Moja kwa mia na sitini. Naandika jambo hili kwa aibu, lakini naliandika: nilifurahi. Niliogopa mrija, niliogopa figo, niliogopa mambo makubwa ya Dar nisiyoyajua, na hapa nilikuwa nimepewa ugonjwa wa nyumbani, ugonjwa ninaoujua kwa jina la kwanza. Bosi aliitazama karatasi akapiga kidole mezani. "Tumemkamata," akasema. Akaandika kloramfeniko, dawa ya taifodi ya siku zile.

"Daktari, na kadi inasema damu ioteshwe kwanza," nikamwambia.

"Wewe umeona kwa macho yako, sasa unataka kuotesha nini? Hii ni damu, si mchicha."

"Na figo?"

"Taifodi haiulizi figo. Mpe dawa mama yako, binti."

Nikampa. Homa ilishuka kidogo, pengine kwa Panadol, na sote tukasema dawa imefanya kazi. Jumapili mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuja kumsindikiza kituo cha basi. Kumwona alivyolegea, akasema mgonjwa wa taifodi hasafirishwi katikati ya dozi, atafia njiani. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia kaka.

"Umempima?" aliuliza.

"Nimempima."

"Kipimo kimeonyesha kabisa?"

"Kimeonyesha."

"Basi apumzike, aje Jumatano. Wewe ndiye mtaalamu."

Sikuipiga namba ya muuguzi. Nilikuwa nimesimama pale na mkonga mkononi, dada wa kibanda ananiuliza kama naendelea, nikamwambia hapana. Ya nini kumsumbua mtu Jumapili wakati jibu tunalo? Ndivyo kile kigae kilivyotufanya. Usipojua, utauliza. Ukidanganywa kwamba unajua, unaweka simu chini.

Jumatatu saa moja asubuhi mama alitetemeka tena, zaidi ya Jumamosi. Miguu ilikuwa imevimba na pumzi inamkata akilala chali. Ilikuwa siku yake ya mashine. Nilimkalisha kwa mito, nikamwacha na mjomba, nikaenda zahanati. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua naielekeza wapi. Kwa nini dawa ya siku mbili haijamtuliza hata kidogo? Nilipoketi mbele ya kigae nikafanya jambo nililotakiwa kulifanya siku ya kwanza ya kazi. Nilijitoa damu mwenyewe. Nikamtoa mlinzi, nikamtoa mfagizi, nikamwita mama lishe wa jirani na mpima pamba aliyekuja kunywa chai kwake. Wote wazima, wanakula, wanacheka. Bosi alipoingia nikamwomba na yeye mkono. Alidhani ni usafi wa vifaa, akanyoosha.

Tulikuwa sita. Watano tulishikana. Mama lishe peke yake ndiye aliyekosa, naye ni mtu wa kuja. Mimi moja kwa mia na sitini, sawasawa na mama yangu. Bosi alikuwa moja kwa mia tatu na ishirini.

Nilimwekea kigae mezani. "Daktari, kwa kipimo hiki wewe ni mgonjwa mahututi. Kuliko mama."

Alikiinua kigae akakisogeza kwenye mwanga. Nilitegemea aone haya. Nilitegemea aseme, jamani, tumekuwa tukiwafanyia watu nini? Akashika kiuno. "Kumbe ndiyo maana siku hizi nachoka," akasema. Akafungua kopo la kloramfeniko, akameza kapsuli mbili kwa chai ya rangi.

Mpaka leo sijaamua kama nimcheke au nimlaani. Yule mzee hakuwa mwizi. Mwizi angejua anachoiba. Aliamini kipimo chake kama anavyoamini Mungu wake, na serikali iliyompa leseni haikuwahi kuja kuuliza kule nyuma ya plaiwudi anapima nini na kwa nini. Ruksa ilikuwa ruksa. Alikaguliwa choo na rangi ya ukuta, akapasi.

Nilikimbia kwenye kibanda cha simu na kadi mkononi. Muuguzi alipokea mwenyewe. Nilimweleza haraka haraka: kutetemeka, taifodi, kloramfeniko, siku mbili.

"Subiri," akasema. "Mrija mmeufungua mkaangalia?"

"Hapana."

"Damu mmeotesha?"

"Hakuna pa kuotesha. Lakini nimempima taifodi..."

"Dada, sikukuuliza taifodi! Mtu ana mlango wazi unaoingia moja kwa moja kwenye moyo, anatetemeka, mnampima taifodi? Fungua bandeji sasa hivi. Kisha mpeleke Mwanza, sasa hivi, na uwaambie ana mrija. Liwe neno la kwanza kutoka mdomoni mwako."

Nilirudi nyumbani nikafungua bandeji. Mrija ulipoingilia kwenye ngozi palikuwa pamevimba, pamewiva, na nilipogusa pembeni usaha ukatoka, wa njano, si mwingi. Ulikuwa pale siku zote. Chini ya kanga, shubiri moja kutoka kwenye mkono niliotoa damu ya kupeleka kwenye kigae. Sikuhitaji hadubini. Nilihitaji kufunua nguo.

Mama aliuona uso wangu. "Kuna nini huko, mayu?" Alikuwa na tabia ya kuniita mama akitaka nisimfiche. Nilimwambia kamba imeoza kidogo, tunakwenda Mwanza kuibadilisha. Akasema haya.

Tulipata pikapu ya mnunuzi wa pamba. Tuliweka godoro nyuma na mjomba akashika mwavuli wa kumkinga jua. Barabara ya Lamadi wakati huo ilikuwa vumbi na makorongo, na kila tulipodunda mama aliguna. Tulipofika, nilisema neno la kwanza kama nilivyoagizwa. Walimtoa damu chupa mbili za kuotesha, wakautoa mrija, wakamwanzishia dawa kwa dripu. Daktari kijana aliuinua mrija kwenye kibakuli akanionyesha. "Wadudu wamepitia hapa," akasema. Hakunigombeza, nami ningependa angenigombeza. Lakini mwili ulikuwa umejaa maji, umejaa sumu, umejaa wadudu, na mashine ya kusafisha damu ilikuwa Dar. Alifariki Jumanne kabla ya saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu.

Kaka alikuja na ndege ya mchana. Tulimrudisha mama Bariadi, tukapanga kumzika Alhamisi, na jioni ya Jumatano tukakaa kuandika wasifu wa marehemu. Kwetu wasifu husomwa mbele ya watu wote: kazaliwa lini, kabatizwa lini, kaacha watoto wangapi, na kaugua nini. Kaka alikuwa na kalamu. Alipofika kwenye ugonjwa mjomba akasema, "Andika taifodi. Karatasi ya kipimo ipo."

Nikasema hapana. Nilisema yote, kigae, bosi, kapsuli, usaha. Nilisema mama amekufa kwa wadudu walioingia damuni kupitia mrija, na sisi tumewapa siku mbili wajenge.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Tukiandika mrija, watu watauliza nani alimweka mrija. Ni huyu kaka yako aliyempeleka Dar. Watasema mtoto kamuua mama yake kwa mambo ya kizungu. Unataka hivyo?"

Kaka aliinamisha kichwa.

"Basi tusiandike ugonjwa wowote," nikasema.

"Hilo ndilo baya kuliko yote. Ijumaa aliporudi kutoka Sola, nani alimletea michembe?"

Nilijua aliyeleta viazi vile vikavu. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili, mjane, rafiki wa mama tangu usichana wao. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia moto wa samadi. Na kwetu, macho mekundu ya bibi asiye na mume huitwa ya mchawi, na yamewahi kuletewa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Ijumaa kala michembe, Jumamosi katetemeka," mjomba akasema. "Leo asubuhi nimeshawasikia vijana wa nzengo yetu ya hapa mtaani wakihesabu siku. Mtu akifa bila ugonjwa wa karatasi, watatafuta mwenyewe. Taifodi haina mwenyewe. Andika taifodi."

Kaka akaandika. Alhamisi ilisomwa kwa kipaza sauti: alipimwa katika zahanati, akagundulika kuwa na taifodi, akapatiwa matibabu lakini Mungu akampenda zaidi. Watu wakatikisa vichwa. Nilisimama mstari wa mbele nimefunga kanga kiunoni, na nilitaka kuing'oa ile spika kwenye mti. Mungu ametwishwa mizigo mingi mkoani kwetu ambayo si yake.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini kuchukua vitu vyangu. Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi. Sikuweza kupita mlangoni. Foleni ilikuwa imetoka nje mpaka kwenye mti wa mlinzi: wanakwaya, wanawake wa nzengo, wazee wa kanisa, watu niliowaona makaburini. Wote walikuja kupimwa taifodi iliyomuua mama yangu. Bosi alinipa pole kwa machozi ya kweli, akaniambia ameshaagiza chupa nyingine Mwanza. Kufa kufaana, wahenga walisema, ila sikujua kama walimaanisha na hivi.

Niliingia chumba cha nyuma nikiwa na barua mfukoni, nikakusudia kumwambia wa kwanza ukweli, naye awaambie wenzake. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule bibi wa nyumba ya pili.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, bibi."

Aliketi, akakunja mkono wa gauni, akaulaza mkono wake mwembamba mezani. "Nipime na mimi. Tulikula naye sahani moja ile Ijumaa."

"Bibi, sikiliza. Mama hakufa kwa taifodi. Kipimo hiki..."

Aliinua macho yake mekundu akanitazama. Hakuwa na mshangao. Alikuwa na hofu. "Usiseme hivyo," akasema kwa sauti ya chini, akageuka kuangalia kama mlango umefungwa. "Mwanangu, usiseme hivyo kwa mtu. Nipime. Ikiwa ninayo na mimi, niandikie vizuri, kwa herufi kubwa, nikawaonyeshe wale vijana."

Nikamfunga mpira, nikatoa damu, nikasubiri igande. Nilitikisa kigae kwa dakika nzima, machozi yananidondoka, yeye akidhani namlilia mama. Tone lilibaki laini. Nikalitikisa tena. Laini kabisa, maziwa ya asubuhi. Kipimo kilichowasingizia wazima miaka minne kilikuwa kimechagua siku hiyo kusema ukweli.

Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: TAIFODI, MOJA KWA MIA TATU NA ISHIRINI.